Mapovu ya ziwani si haidreti: tope hupimwaje kuitafuta

Mkuu uliyeuliza kutoka Igombe kama mapovu yanayotoka kwenye tope la ziwa ni dalili ya haidreti, yaani barafu iliyonasa gesi ya methani: hapana. Haidreti inataka baridi na mgandamizo kwa pamoja. Maji yakiwa nyuzi 4, unahitaji kina cha mita 400 hivi. Ziwa Victoria linaishia kwenye mita 80 hivi, na chini kuna joto la nyuzi zaidi ya 20. Unachokiona ni methani ya magugumaji na uchafu unaooza. Kama ziwa letu, ziwa Baikal la Urusi nalo halina chumvi, lakini haidreti zipo, kwa kuwa lina kina cha zaidi ya mita 1,600 na chini ni baridi kali.

Kupima tope ni njia ya baharini. Maji ya bahari yana salfeti (kemikali ya salfa na oksijeni) milimoli 28 hivi kwa lita; milimoli ni kipimo cha kiasi cha kemikali. Methani ikipanda, vijidudu huila pamoja na salfeti, na vyote viwili huishia karibu kina kimoja ndani ya tope. Methani ikipanda kwa nguvu, kina hicho husogea juu. Salfeti ikishuka kwa mstari ulionyooka na kuisha kwenye mita 7, ni milimoli 4 kila mita. Mstari ukipinda, sehemu ya salfeti imetumika kuozesha mabaki ya viumbe, usiihesabie methani yote.

Methani yenyewe usiitegemee sana: bomba lililochomekwa chini kuchota tope likipandishwa, mgandamizo unashuka na gesi inatoroka kabla ya kupimwa. Maji ya tope yavute kwa sirinji kupitia kichujio chembamba, bila kuyaachia hewa. Fungu moja litie zinki asetati papo hapo. Dawa hiyo huinasa gesi inayonuka kama yai viza, inayotokea salfeti ikiliwa; isiponaswa, ikikutana na oksijeni hugeuka salfeti, na kipimo kinadanganya. Ukikuta milimoli 2 chini ya pale salfeti ilipoisha, shuku maji ya bahari yameingia kwenye bomba.

Kisha pima kloridi, sehemu kuu ya chumvi ya bahari, ambayo baharini ni milimoli 559 hivi kwa lita. Haidreti huacha chumvi nje inapoganda. Ikiyeyuka ndani ya bomba, inatoa maji matupu. Ukisoma 503 kwenye tabaka moja huku majirani wakiwa kawaida, asilimia 10 ya maji hayo ni ya haidreti. Kloridi ikipungua taratibu kadiri unavyoshuka, huenda ni udongo wa mfinyanzi wa chini unaotoa maji yake. Na salfeti kuisha karibu na juu ni ushahidi wa methani nyingi tu. Bila kloridi na picha za tabaka za chini zinazopatikana kwa mawimbi ya mtetemo, usitangaze haidreti.