Ticha mpya, soma hii kabla hujafundisha vina na maisha ya mjini na kijijini

Walimu wenzangu mnaoanza kazi, hasa mliopangiwa madarasa ya chini, kuna mada mbili wengi wanazifundisha kila moja peke yake wakati zinabebana kabisa, vina kwenye Kiswahili na tofauti za maisha ya mjini na kijijini. Ziunganishe, na anza na maneno ambayo watoto wa hapo ulipo wanayo tayari mdomoni.

Kina ni silabi inayofanana mwishoni mwa maneno au vipande vya mstari, mtoto anaisikia kabla hajaiona ubaoni, kwa hiyo chaki weka pembeni kwanza mpige makofi. Mtu ni makofi mawili, m na tu, na mbuzi nayo ni mawili, mbu na zi, usiwaache wapige matatu maana huko mbele mizani, yaani hesabu ya silabi kwenye mstari, itawasumbua sana. Halafu sikiliza matamshi, kuna sehemu watoto hawatofautishi l na r, atakwambia kula na kura zina kina kimoja na kwa sikio lake hajakosea, sasa usimkaripie wala darasa lisimcheke, mtamkie taratibu arudie mpaka asikie mwenyewe.

Mtego mkubwa ni hili -ni la mahali. Ukisema nipeni vina utamwagiwa mjini, shambani, sokoni, kisimani, zote sahihi ila hakuna aliyefikiria. Siku ya kwanza waache wafurahi nazo, siku ya pili zipige marufuku. Hapo ndo utaona wanatafuta kweli, mmoja atakuja na kisima, lima, mlima, mwingine basi, nafasi, mwendokasi.

Na hapo ndo mada ya pili inaingia yenyewe. Waambie watunge mstari, nusu ya mjini nusu ya kijijini, mizani nane kwa nane. Mfano

Mjini kuna mabasi, shambani kuna nafasi

au

Kwetu maji ya kisima, kwao bomba limegoma

Angalia huo wa pili ulivyo na kazi, mtoto wa kijijini hajajiona duni, amelinganisha tu huduma ya maji na amesema kweli. Mimi hilo nalijali kuliko hata vina, kwa sababu ile picha ya kijiji ni nyumba ya nyasi na mji ni magorofa inawaumiza watoto, tena sio kweli. Kijijini leo kuna sola, bodaboda na watu wanatumiana pesa kwa simu, na Dar es Salaam kwenyewe watu wanalima mchicha bonde la Msimbazi. Kwa sensa ya 2022 wanaoishi mijini Tanzania ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja, kwa hiyo anayoyajua mtoto wa kijijini ndo maisha ya wengi.

Tofauti za kweli zipo na uzifundishe, mjini watu wamebanana, ajira zao nyingi sio za kilimo, vyumba vya kupanga, majirani wametoka makabila tofauti, kijijini ardhi ni kubwa, watu wanajuana ukoo kwa ukoo, hospitali na sekondari mara nyingi ziko mbali.

Ukifundisha mjini geuza, kinu na jembe huenda wengine hawajawahi kuvishika, leta hata kimoja darasani wakiguse kabla hujaomba kina chake. Na ukisahihisha, kina kikikaa sawa ila mizani imepungua moja, mpe maksi yake ya kina umrudishie apige makofi tena.