Kishikwambi hakioni kidole

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Je, vishikwambi na projekta vitamwinua mwanafunzi anayebaki nyuma?" Na pembeni mmeweka picha ya watoto wanne wamekizunguka kioo, wanacheka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, huku Chamwino upande wa Mvumi, na kwa miaka yote niliyofundisha sijamwona mtoto aliyebaki nyuma akawa wa mbele kwenye picha. Yeye yuko nyuma ya hao wanne, au yuko machungani na mbuzi. Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sasa niacheni nieleze, maana nimeanza kuandika nikiwa na hasira kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu hivyo vifaa. Vishikwambi tulivyonavyo walimu wengi ni vile vya Sensa ya Agosti 2022. Makarani walipomaliza kutuhesabu, tukagawiwa sisi. Nashukuru, na sisemi kwa kejeli. Naingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, nafungua kitabu ambacho kabatini kipo kimoja na hakina jalada. Lakini kishikwambi ni cha mwalimu, na darasa langu la nne lina watoto zaidi ya mia. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamekuja, na wamekuja kweli, ila kuta hazikusogea. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Kwenye inayobaki kuna chaki, kuna karatasi za mitihani, na LUKU ya umeme nayo inasubiri zamu yake.

Hayo mnayajua, sitayarudia. Mimi ningeuliza hivi: nani anajua kwamba mtoto fulani amebaki nyuma? Maana mtoto asiyejua kusoma ni fundi wa kujificha. Uliza darasa, "Mmeelewa?" Utajibiwa "Ndiyooo, mwalimu!" mpaka bati litetemeke, na sauti kubwa kuliko zote ni ya yule ambaye hajaelewa.

Nichukue mfano wa binti mmoja. Wenzake walimwita Karani kwa sababu ya mwandiko. Hati yake ungeweza kuitundika ukutani. Shule zikifunguliwa Januari watoto walimpelekea madaftari awaandikie majina kwenye jalada: unamwonyesha jina lako kwenye kikaratasi, yeye analihamisha kama lilivyo, tena kwa madoido. Madaftari yake mwenyewe yalijaa vema za kalamu nyekundu. Msichana mpole, shikamoo yake haipungui, hakosi shule hata wakati wa kulima.

Mwaka ule vijana waliosoma hapa zamani, sasa wako mjini, walichangishana wakatuletea projekta. Kompyuta mpakato ilikuwepo ofisini. Nikaandaa kifungu cha habari kuhusu zabibu, kitu ambacho watoto wetu wanakijua: mashamba ya Hombolo na Makutupora, zinavyovunwa mara mbili kwa mwaka, nyingine zinavyokwenda kwenye mvinyo na nyingine zinavyokaushwa. Tukaziba madirisha kwa kanga na maboksi, maandishi yakatokea ukutani, watoto wakapiga makofi, kisha wakaanza kunakili. Waya wa kompyuta ulikuwa umechomoka kidogo kwenye ekstensheni, sikuona. Katikati ya kipindi likatokea tangazo palepale ukutani, chini ya aya ya kwanza: "Chaji iko chini. Unganisha chaja." Watoto wakacheka, nikausukuma waya, tangazo likaondoka, tukaendelea.

Jioni nasahihisha ofisini. Nikafika kwenye daftari la Karani: "Wakulima wa Hombolo huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Chaji iko chini. Unganisha chaja. Zabibu nyingine hukaushwa juani." Herufi zimelala kwenye mstari, nukta mahali pake, C kubwa kama inavyotakiwa. Nilicheka mpaka mwalimu mwenzangu wa hisabati akaja kuangalia. Yeye hakucheka. Alifunua kurasa za nyuma moja baada ya nyingine, akanirudishia. "Mwalimu, huyu hasomi," akasema. "Anachora."

Kesho yake nilimwita, nikampa kifungu kilekile. Alikishika vizuri, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma bila kusita kwamba zabibu ni tamu, kwamba baba mmoja alikuwa na shamba la zabibu, kwamba ndege walikuja wakala. Alisoma kwa mapozi, koma na nukta zote unazisikia. Hakuna hata sentensi moja iliyokuwa kwenye karatasi. Nikamwandikia "shamba" peke yake ubaoni. Akanyamaza. Nikaandika "sha". Akanyamaza. Nikaandika "a", akaitaja.

Nikaenda kwa bibi yake, ndiye anayemlea. Baada ya mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, na kuulizana hali nikamweleza. Alinitazama kama niliyekwenda kumkopa. "Mwanangu, mtoto ana mwandiko kumshinda mwenyekiti wa kijiji, wewe unasema hajui?" Sikumlaumu. Karani alikuwa amepita darasa la kwanza, la pili na la tatu, enzi hizi ambazo mtaala wa madarasa ya chini umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu tangu 2015. Kuandika alipita kwa kishindo. Kuhesabu alijikokota. Kusoma kulipita katikati hapo bila kuonekana.

Najua mtakachosema: basi projekta ndiyo iliyomfichua. Haya, ila ilimfichua kwa hitilafu. Ekstensheni ingekuwa nzima, Karani angepata vema nyingine.

Tulianza upya, saa za jioni, chini ya mwarobaini ulio nyuma ya ofisi. Ba be bi bo bu, kama darasa la kwanza. Kadi nilikata kwenye maboksi ya biskuti. Silabi za herufi mbili hazikumsumbua sana. "Mwa", "nywa" na "ng'a" ndizo zilizomtoa jasho, na r na l zinawachanganya watoto wetu wengi wanaozungumza Kigogo nyumbani. Tatizo halikuwa hilo hasa. Tatizo ni kwamba nikimrudisha kwenye neno mara ya tatu anasema, "Nimeelewa, mwalimu," na macho yanakimbilia barabarani. Mimi nami nilikuwa na madaftari ya watoto mia yananingoja, na uso wangu bila shaka ulikuwa unasema hivyo.

Ndipo nikachukua kile kishikwambi cha sensa. Nikarekodi sauti yangu nikisoma kifungu kifupi, polepole, nikampa na vipokea sauti vya masikioni na karatasi yenye maneno yaleyale. Asikilize, afuatishe kwa kidole, akipotea abonyeze arudi nyuma. Nikaenda kusahihisha nikimwangalia kwa mbali. Alirudia mstari mmoja mpaka mimi ningekuwa nimeshamkaripia. Anabonyeza, anasikiliza, midomo inacheza, anabonyeza tena. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyemwambia "jamani, si tumeshalisema hili". Siku nyingine aliomba abaki nacho wakati wenzake wamekwenda mpira.

Baada ya siku kadhaa alinisomea kifungu kizima. Nikafurahi, mpaka nilipoangalia kidole. Mdomo ulikuwa kwenye "hukaushwa", kidole kiko kwenye "wakulima". Alikuwa ameikariri sauti yangu, hadi pale nilipokohoa kidogo akaweka pumziko. Mtoto yule angeweza kuwa mwigizaji wa redio! Ikabidi nikate karatasi sentensi moja moja, nizichanganye kama karata, nichomoe yoyote asome. Tukaenda hivyo: kishikwambi kinampa uvumilivu, mimi naangalia kidole. Muhula wa pili alianza kusoma maneno ambayo hatujawahi kuyarekodi. La kwanza alilolisoma mwenyewe bila kuambiwa lilikuwa kwenye mfuko wa simenti.

Hapa naona nimejichanganya, kwa sababu nilianza na hapana.

Wapo watakaonitajia Tanga, na wana haki. Kulikuwa na yale mashindano ya XPRIZE: kuanzia mwishoni mwa 2017 watoto wa vijiji kama 170 mkoani humo walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma na kuhesabu, vya kuchajiwa kwa sola, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani. Mwanzoni zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye kundi hilo lilikuwa limepungua kwa nusu, na 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, watengenezaji wa programu hizo, onebillion na Kitkit School. Zamani niliposikia habari hizi nilizikunjia uso, nikiona kama tunaambiwa walimu hatuhitajiki. Sasa naiangalia ile nusu ya pili. Walikuwa na kifaa kilekile, jua lilelile, muda uleule, na bado hawakusoma neno. Wale ndio ninaotaka kujua habari zao, na nadhani akina Karani wako humo. Pengine nakosea; lakini kule angalau kila mtoto alishika chake mkononi, na sidhani ile nusu ya kwanza ingevuka kwa kuoneshwa ukutani.

Tena kuna 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi na masomo yakawa redioni na kwenye televisheni. Huku kwetu redio nyingi zilikuwa shambani na wenye nazo. Walioanza vizuri waliendelea, wengine tuliwapokea Juni wamesahau hata silabi. Sitaki kulirefusha hilo.

Karani alipita Upimaji wa Darasa la Nne, Kiswahili kwa alama za katikati, hisabati kwa kuponea chupuchupu. Bado anasoma polepole. Na katika darasa lile wapo wengine wasiopungua kumi wa aina yake ambao sikuwafanyia nilivyomfanyia yeye, kwa kuwa jioni ni moja na kishikwambi ni kimoja. Mkiniambia nichague kati ya vishikwambi ishirini na mwalimu mmoja wa pili kwa darasa la kwanza na la pili, nachukua mwalimu kabla hamjamaliza sentensi. Mkija kuchukua hiki nilichonacho, mtanikuta nimekificha.

Kwa hiyo, Mhariri, mkihesabu kura za wasomaji, yangu iwekeni kwenye ndiyo, kwa masharti: kifaa kishikwe na mtoto, pawepo mtu mzima wa kuangalia kidole, na LUKU isitoke kwenye fungu la chaki. Kama ukurasa wenu hauna nafasi ya masharti, basi iwekeni kwenye hapana.

Mwalimu wa Kiswahili, Chamwino, Dodoma