Jumamosi moja na shilingi 500 kwa ajili ya ndege

Ndugu, umeuliza uwasaidieje ndege wa porini ukiwa na Jumamosi moja na shilingi 500 kwa mwezi. Anza na Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayojazwa na watu wa kujitolea. Nchi imegawanywa kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Chagua mmoja, uzunguke angalau saa 2, upite vichakani, mashambani na penye maji, ukiandika kila aina kwa mfuatano uliowaona. Ukirudi kwenye mraba huohuo, orodha hiyo huendelea hadi siku 5. Usimruke shore, yule mwenye manjano chini ya mkia. Wengi humwacha kwa kumzoea, na ndege wa kawaida wakipungua hakuna anayegundua. Usiyemtambua usimkisie. Pesa itoe kila mwezi kwa shirika la kuhifadhi ndege, bila kuifunga kwa mradi mmoja. Mshahara wa mlinzi wa msitu haungoji mwaka uishe.