Dada wa Malindi, jina Swaleh mimi nililikimbia nikarudi

Jumatatu asubuhi naamka nakuta meseji ndefu ya dada mmoja wa Malindi. Kajifungua Ijumaa, mtoto wa kiume, mashallah, na nyumbani hakukaliki kwa sababu ya jina. Mumewe anataka mtoto aitwe Swaleh, jina la marehemu babake, yeye anaona ni la kizee, anataka Rayyan ama Zayn, jina ambalo mtoto akienda Nairobi hatachekwa. Ananiuliza mimi kwa vile naitwa Swaleh na Nairobi nimekaa.

Dada, kuchekwa nilichekwa, hilo sikufichi.

Nimezaliwa Lamu, Langoni, mjukuu wa kwanza wa kiume, na kwetu huyo jina lake halina mjadala, anachukua la babu mzaa baba. Mamangu mpaka leo hajaniita Swaleh hata siku moja, atalitajaje jina la mkwewe? Kwake mimi ni Bwana Mdogo. Babu mwenyewe akiniita "somo", yaani mwenye jina moja naye. Chuoni (nasema chuo cha Kurani, sio chuo kikuu) mwalimu akatusomesha kisa cha Nabii Swaleh na kaumu ya Thamud, wale waliochonga majumba ndani ya majabali, wakataka ishara wakaletewa ngamia jike, wakaambiwa wagawane naye zamu za maji na wasimguse kwa ubaya, wao wakamuua, wakapewa siku 3 tu ikaisha habari yao. Mimi ngamia sijamuona wakati huo, Lamu ni punda, basi kichwani mwangu yule ngamia alikuwa punda mkubwa mweupe. Lakini jina langu limo ndani ya Kurani, tena mara 9! Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Halafu nikaenda kusoma Nairobi, chuo sikitaji. Siku ya kwanza mhadhiri anaita majina, kufika kwangu akasoma "Swali". Darasa likapasuka. Mwaka mzima nikawa Swali, nikichelewa utasikia "Swali limefika, jibu liko wapi?" Unacheka mara ya kwanza, mara ya pili, ya mia hucheki tena.

Mwaka wa pili nikajiita Ryan. Nyumbani nikawadanganya kwamba ni Rayyan, ule mlango wa peponi wa watu wa funga, wakafurahi sana. Haikuwa Rayyan, ilikuwa Ryan wa kwenye filamu.

Nikarudi Lamu na Ryan wangu, nikaanza kazi ya kutembeza wageni, Shela, Manda, magofu ya Takwa, na kadi nimechapisha. Jioni moja mzungu akaja na ile kadi mpaka barazani kwetu, babu kakaa na wazee wenziwe, akauliza Ryan yuko wapi. Mimi niko ndani nyuma ya mlango nasikia kila kitu. Babu akamjibu kwa adabu zake zote, "Hapa hapana mtu wa ina hilo" (ina ndio jina, kwa Kiamu chetu). Mgeni akaenda zake, na pesa yangu ikaenda. Babu hakunigombeza. Alipoingia ndani kwenda kutawadha akasema tu, "Somo, kumbe umehama."

Miezi michache mbele akafariki, na kwenye simu za watu mimi bado ni Ryan. Linaniuma mpaka leo hii naandika.

Ndio nikaanza kulitafuta jina langu mwenyewe, uzeeni mwa miaka 26. Swaleh ni mtu mwema, aliyetengenea. Na ndugu zake unao mdomoni kila siku hujui tu: suluhu, suluhisha, maslahi, islahi, wote shina moja. (Swala ya kuswali haimo, hiyo ina shina lake, watu huchanganya.) Kila ukikaa attahiyatu kwenye swala unasema "wa ala ibadillahi-swalihin", yaani unawatakia amani waja wema wote, na jina la mwanao limo humo kila siku, sasa niambie hilo ni la kizee vipi? Na Lamu hapa tuna Habib Swaleh, aliyekuja kutoka Ngazija akasomesha watu ambao wenye mji hawakuona haja ya kuwasomesha, ndio msikiti wa Riyadha huo, ndio maulidi ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, yanayojaza mji mpaka watu wanalala barazani.

Kuna aya ndani ya Sura Hud inanikaba roho. Thamud wanamwambia Swaleh, kabla ya haya wewe ulikuwa mtu tunayekutarajia. Wao walimsema kwa kuwa kawaita kwenye haki. Mimi nilipoisoma nilimuona babu barazani, manake mimi nilitarajiwa nikageuka kwa ajili ya kadi na kicheko cha darasa.

Sasa ushauri wangu. Vijana wenzangu tunataka watoto wetu wafike mbali, sawa, mimi pia nataka, lakini mbali hakufikiwi kwa jina la kuazima. Rayyan si baya, ni la Kiarabu na lina maana yake, ila usilichague kwa woga. Mtoto mpe jina na kisa chake pamoja, jina bila kisa ndio linachekwa akakosa la kujibu.

Na tafadhali angalia spelingi! Mimi cheti cha kuzaliwa ni Swaleh, cha darasa la nane wameandika Saleh, kitambulisho kikatoka Salehe kama mtu wa Tanga, wote ni sawa, ni ile herufi ya Kiarabu, swad, tu kila mtu anaiandika anavyoisikia, lakini kaeleze hayo dirishani kwenye ofisi ya watu! Pasipoti niliizungukia mwaka na zaidi, afidaviti, wakili, nauli ya boti mpaka Mokowe na basi mpaka Mombasa, narudi naambiwa njoo wiki ijayo. Kwa hiyo andikeni moja, baba na mama mkubaliane, halafu hilo hilo kila mahali. Spelingi, dada. Narudia tena, spelingi.

Mtume alisema mtu akifa amali zake hukatika ila 3, na moja ni mtoto mwema anayemuombea. Kwa Kiarabu pale pamesemwa "waladun swaleh". Mkweo yuko kaburini, dada, na mumeo anachoomba ni hicho.

Nimemtumia haya yote tangu jana usiku. Tiki mbili za buluu naziona, jibu hakuna. Akika ni Alhamisi, mbuzi wawili washafungwa uani.