Usimhamishe mama kimyakimya

Usimtoe mama huko Moshi leo. Umeandika kwamba mshono wa paja alikowekewa chuma unatoa usaha, na kwamba shemeji yako mwenye duka la dawa amekushauri umlete Arusha bila kutaja alikolazwa kwanza ili madaktari wasiwazungushe. Hapo ndipo nilipoacha kusoma maswali yako mengine, kwa sababu ushauri huo naufahamu neno kwa neno.

Baba yangu naye aliwekewa chuma mguuni, kidonda kikachafuka, nasi tukamhamisha kutoka hospitali moja hadi nyingine hapahapa Arusha. Mshauri wetu alikuwa jirani aliyewahi kufanya kazi mapokezi, na ambaye kwa kuandikisha majina ya wagonjwa alijiona amehitimu upasuaji. Alitwambia wakijua mzee ametoka kwingine watamkataa. Basi nikaifutika fomu ya kuruhusiwa pamoja na karatasi ya dawa chini ya kapeti la gari, nikamweleza daktari kwamba mgonjwa alikuwa akiuguzwa nyumbani. Mimi ni fundi umeme, sijawahi kumdanganya mteja kuhusu waya ulioungua, lakini siku ile nilidanganya kwa ufasaha wa kuweza kunipatia ubunge.

Daktari, akiamini maneno yangu, alianza upya na seftriaksoni, dawa ileile ambayo mzee alikuwa amechomwa kule bila nafuu. Alilazwa wodi ya pamoja, kando ya kijana aliyetoka kupasuliwa, na nilimwona muuguzi akifungua bandeji iliyolowa usaha wa manjano, akashika reli ya kitanda kwa glavu zilezile, kisha akalisukuma toroli la vifaa kwa kijana yule. Simlaumu sana, kwani hakuna aliyemtahadharisha, na wa kumtahadharisha nilikuwa mimi. Usaha ulipooteshwa maabara hatimaye, yaani bakteria wake walipokuzwa ili watambuliwe, jibu likaja kwamba ni stafilokokasi sugu kwa dawa, ambaye madaktari humwita MRSA. Bakteria hao wakishajishikiza kwenye chuma hujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida, hivyo chuma kikatolewa, mguu ukaanza upya, na kipande chetu cha shamba kule Usa River kikapata mmiliki mwingine.

Stafilokokasi wa kawaida hukaa puani mwa takribani mtu mmoja kati ya watatu bila kumdhuru. Huyu sugu hubeba jeni liitwalo mecA, linalomtengenezea protini ambayo penisilini na dawa nyingi za ukoo wake, seftriaksoni ikiwamo, hazishikamani nayo, kwa hiyo kuongeza dozi ni kupoteza fedha. Aliripotiwa Uingereza mwaka 1961, muda mfupi tu baada ya metisilini, dawa ya ukoo huohuo wa penisilini, kuanza kutumika. Mwaka 2012 watafiti wa Edinburgh, wakifuatilia vinasaba vyake, walionyesha kwamba hospitali kubwa za London na Glasgow zilikuwa chimbuko la maambukizi yaliyofika hospitali za mikoani, na kwamba yaelekea wagonjwa waliohamishwa ndio waliowabeba bakteria hao. Uholanzi, mgonjwa aliyelazwa nchi nyingine hutengwa mpaka vipimo vimsafishe, wala hakuna anayeona kwamba amedharauliwa.

Kwa hiyo taarifa zimtangulie mgonjwa. Mwombe daktari wa huko Moshi achukue sampuli ya usaha ioteshwe, aandike barua ya rufaa inayotaja tarehe ya upasuaji, hali ya kidonda na kila dawa aliyopewa, kisha ampigie simu mwenzake wa Arusha ili mama aandaliwe chumba cha peke yake kikipatikana. Majibu ya kuotesha kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tatu. Lakini akipata homa kali, akianza kuchanganyikiwa au kuhema haraka, msisubiri majibu, sampuli ichukuliwe na safari ianze.

Dawa anazopewa wodini aendelee nazo kama daktari alivyoagiza. Vile vidonge vya shemeji, ambavyo umesema unataka kumpa usiku huu ili kukausha usaha, virudishe dukani, kwa sababu antibiotiki ikitangulia sampuli inaweza kuwazuia bakteria wasiote maabara, na hapo daktari atabaki akibahatisha dawa kama shemeji mwenyewe anavyobahatisha.