Wasomaji Wanauliza: Rupia Nyeusi, Tembo wa Tabora na Shilingi za Simba

Rupia yangu ya fedha ya mwaka 1892 imekuwa nyeusi tii. Jirani ananishauri niisugue kwa majivu na ndimu. Ni sawa? – Mama Neema, Kiborloni, Moshi

Hapana, mama, tafadhali usiisugue. Weusi huo ni tabaka jembamba linalotokea fedha inapokutana na salfa ya hewani. Chini yake sarafu ni nzima. Majivu yana chembe zinazokwangua na ndimu ni asidi, na vinavyotangulia kufutika ni tai wa kwenye helmeti ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani na masharubu yake. Rupia yenye weusi wake hupata mnunuzi. Ile iliyong'arishwa kama kijiko kipya, mkusanyaji anaigeuza mara moja na kukurudishia.

Kama ina mafuta au gundi, iloweke dakika kumi kwenye asetoni safi ndani ya glasi, nje ya nyumba na mbali na moto. Ihamishie kwenye asetoni nyingine safi, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu mara nyingi huongezwa mafuta na manukato. Usiifunge kwa raba bendi, maana ina salfa, wala usiitie kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC. Mfuko huo ukikaa muda mrefu huacha utando wa kijani unaonata na kuila sarafu.

Nimeonyeshwa sarafu ya dhahabu ya 1916 yenye tembo. Muuzaji ameing'ata na kuipitishia sumaku mbele yangu. Yatosha? – Msomaji, Njiro, Arusha

Haitoshi kabisa, ndugu yetu. Sumaku haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba pia. Na meno yanaharibu sarafu tu, iwe halisi au bandia.

Hiyo inadaiwa kuwa rupia 15 ya Tabora, iliyopigwa kwenye karakana ya reli wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vimeifungia koloni ya Mjerumani njia ya bahari na fedha za malipo zimeadimika. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa zipatazo 16,000 tu, ndiyo maana waigaji hawaiachi.

Nendeni wewe na muuzaji kwa sonara mwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Uzito uwe karibu gramu 7.17 na kipenyo milimita 22 hivi. Kisha pimeni ujazo. Wekeni glasi ya maji juu ya mizani, mizani irudishwe sifuri, halafu sarafu ishushwe kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Namba itakayotokea kwa gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Dhahabu ya Tabora ni asilimia 75, iliyobaki ni fedha na shaba, kwa hiyo mtasoma kama 0.46 au 0.47. Mchanganyiko wa shaba na zinki wenye uzito uleule utasoma 0.8 na zaidi. Hapo hakuna haja ya kubishana.

Kosa la kawaida ni vipovu vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye herufi. Vinaongeza ujazo, na sarafu nzuri inaonekana mbaya. Tone moja la sabuni ya maji linaviondoa. Mkimaliza, isuuzeni.

Lakini msiishie kwenye maji. Nakala iliyotengenezwa kwa dhahabu ya kweli itafaulu kipimo hicho vizuri tu. Chukua lenzi, tafuta herufi T chini ya mwaka, linganisha maumbo ya herufi na picha ya katalogi, kisha zungusha ukingo taratibu. Mstari wa mshono au vitundu kama vya sindano ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Angalia pia juu ya mkonga kama kuna alama ya kuchomelea, kwani nyingi zilifanywa vidani. Yenye alama hiyo bado ni dhahabu, ila bei ya mkusanyaji isahau.

Nina kopo la shilingi za Afrika Mashariki zenye simba. Ni fedha? – Msomaji, Majengo, Moshi

Tenganisha kwa mwaka. Za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25: gramu 7.78 kila moja, fedha yenyewe gramu 1.9 hivi. Za 1948 hadi 1952 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Sonara wengi hawazitaki hata zile za zamani, kwa kuwa gharama ya kuisafisha fedha kidogo hivyo hailipi. Mtafute mkusanyaji.

Nikiweka sarafu mpya kwenye grupu la WhatsApp, wenzangu wanauliza maswali mfululizo badala ya kunipa maoni. Nakosea wapi? – Msomaji, Kaloleni, Arusha

Huenda unapiga upande mmoja, tena kwa flashi. Zima flashi, simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga uingie kwa ubavu ili michoro ijitokeze. Piga pande zote mbili na ukingo, juu ya kitambaa cha kijivu kisichong'aa. Chini yake andika uzito, kipenyo, mwaka na herufi ya kiwanda (kwenye rupia za Mjerumani kuanzia 1904, A ni Berlin na J ni Hamburg). Tuma kama dokumenti, maana picha ya kawaida hubanwa na herufi ndogo zikapotea. Bei uliyonunulia na mahali unapoihifadhi usiviandike.