Matanga Yakishaanuliwa: maswali yenu kuhusu wazee na misiba

Jumbe nyingi za mwezi huu zimeniingia usiku, saa tano, saa sita, mikeka ya msiba imeshakunjwa na jamaa wa shamba wameshapanda gari kurudi kwao. Ndiyo saa mtu anapokumbuka kuwa kuna karatasi hajazijaza. Nimechagua saba. Majina nimeyaficha, mitaa nimeiacha kama mlivyoandika.

SWALI (Kiembesamaki): Mama yangu alizaliwa mwaka wa Vita vya Ng'ombe. Bibi alikuwa akimsimulia kuwa alikimbia naye mgongoni. Kitambulisho chake kimeandikwa 1961. Wenziwe mtaani wanapokea pensheni jamii, yeye kila akienda anaambiwa umri bado. Tufanyeje?

Kwa vijana wasioijua habari hii: Vita vya Ng'ombe ni Julai 1951, hapo hapo kwenu Kiembesamaki, wakulima walipokataa kulazimishwa kuchanja ng'ombe wao na polisi wa mkoloni wakafyatua risasi. Kwa hiyo karani aliyemwandika mama yako kampunguzia miaka kumi mizima. Si ajabu. Wazee wengi waliandikishwa kwa kutazamwa uso kwenye foleni ya jua kali, na uso wa mama yako huenda ulikuwa bado mzuri.

Pensheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa ni 50,000. Inatolewa na Serikali ya Mapinduzi kwa fedha zake yenyewe, kwa kila Mzanzibari aliyefika miaka 70. Haimuulizi mzee kama alichangia mfuko wowote, wala haimuulizi kama ana nyumba. Inauliza umri na ukaazi, na vyote viwili vinasomwa kwenye kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Ndiyo maana kugombana na maofisa wa pensheni hakusaidii. Ugomvi wenu ni na kile kitambulisho.

Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yenu, awape barua. Kisha nendeni ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na msiende na hadithi ya ng'ombe peke yake. Toeni vyeti vya kuzaliwa vya ndugu zako wakubwa. Kama kaka yako kazaliwa 1970, basi kwa kitambulisho kile mama alizaa akiwa na miaka tisa. Karani yeyote anaielewa hesabu hiyo. Cheti cha ndoa kama kipo, chukueni. Cheti cha mdogo wake mama aliyezaliwa kabla ya 1961, hicho ni dhahabu.

Na siku atakayoandikishwa, ulizeni utaratibu wa mwakilishi wa kumpokelea. Magoti ya wazee hayatoi taarifa.

SWALI (Michenzani): Baba ni mstaafu, anapokea pensheni ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Ametimiza 70. Akiomba na hii ya jamii ataonekana mroho?

Ataonekana mwenye miaka 70. Ile ya ZSSF ni jasho lake, hii ni ya umri wake. Aende.

SWALI (Wete): Mume wangu amefariki, leo wiki ya tano. Nipo eda. Shemeji zangu wamefunga duka, wamechukua pikipiki na kadi yake ya benki, wanasema mambo ya mirathi nisiyaguse mpaka nitoke ukizukani. Nina watoto watatu. Sheria ndivyo inavyosema?

Pole sana, mdogo wangu. Hapana, haisemi hivyo.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, au mpaka kujifungua kwa aliyeachwa na mimba. Kizuka hajipambi, haposwi, hatoki pasi na haja. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa hazungumzi, hana vidole vya kutia saini, au mali ya watoto wake ikae mikononi mwa wengine mpaka amalize. Na haja ikiwepo, kama vile karatasi zinazomtaka yeye mwenyewe, masheikh wetu wengi wanamruhusu kutoka mchana na kurudi kwake kulala. Muulize sheikh unayemwamini, lakini muulize wewe. Shemeji zako wasikuulizie.

Mali ya marehemu ina foleni yake. Kwanza gharama za maziko. Pili madeni, na hapa wanawake wengi wanajisahau: mahari ambayo hukulipwa ni deni lako, linatoka kabla mrithi yeyote hajagusa kitu. Tatu wasia kama upo, usiozidi thuluthi na usiwe wa mrithi. Ndipo mirathi. Wewe una thumni, moja ya nane, kwa kuwa ameacha watoto. Mama yake akiwa hai ana sudusi, moja ya sita, na baba yake vilevile. Kinachobaki ni cha watoto.

Sasa, hukuniambia watoto ni wa kike au wa kiume, na hapo ndipo penye siri. Akiwepo mtoto wa kiume hata mmoja, awe bado ananyonya, ndugu za marehemu hawarithi hata kijiko. Wakiwa wote wa kike, wanao wanachukua thuluthi mbili, na kama baba na babu wa marehemu hawapo tena, ndugu zake wana haki kwenye baki. Wana haki kwenye baki, narudia. Funguo za duka si baki.

Leo hii chukua daftari la mtoto, uandike kila kilichokuwepo: namba ya pikipiki, mifuko ya mchele na unga iliyokuwa dukani, friza, nani anadaiwa na nani anadai. Watie saini majirani wawili waliokuwa wakinunua hapo. Nimeona kesi zikigeuka kwa ukurasa mmoja wa namna hiyo, wenye alama ya mafuta ya taa pembeni. Kisha mtume kaka yako au ami yako afuatilie cheti cha kifo, aanzie kwa sheha na karatasi ya hospitali kama alifia huko. Nakala moja iende benki na barua, ili akaunti izuiwe. Kadi ya maiti haina mwenyewe wa kuibonyeza namba, hata awe ndugu yake wa tumbo moja.

Mirathi yenyewe inapelekwa Mahakama ya Kadhi, au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ambayo moja ya kazi zake ni kusimamia mali za Waislamu waliofariki. Ofisi ipo Pemba pia, huna haja ya kupanda boti. Na kama marehemu aliwahi kuajiriwa akakatwa michango ya ZSSF, kuna mafao ya warithi ambayo hayaji mlangoni yenyewe. Ulizia.

SWALI (Fuoni): Vijana wa mtaa tumeanzisha chama cha kufa na kuzikana. Tuko 40, kila mmoja anatoa 2,000 kwa mwezi. Wazee wanataka fedha zipikiwe wali wa siku ya tatu. Sisi tunataka apewe mfiwa mkononi. Nani mwenye haki?

Nyinyi, ila msiwaambie wazee kwa ulimi huo.

80,000 kwa mwezi si fedha ndogo, ila haitoshi mambo mawili. Maziko yetu kwa asili ni rahisi: sanda, mbao za kaburi, ubani wa kufukiza na mafuta ya gari. Wachimbaji ni nyinyi, wakoshaji ni majirani. Kinachoifilisi nyumba ni sufuria. Wakati habari ya kufariki Jaafar, binamu wa Mtume, ilipofika Madina, Mtume aliwaagiza watu wawapikie jamaa wa Jaafar. Sisi tumeigeuza, jamaa wa Jaafar ndio wanaokoroga sufuria na kuuliza kama wageni wamepata nyama. Wazee wenu wanaijua hadithi hiyo kuliko mimi. Wakumbusheni tu, na apewe imamu aiseme.

Nawapa na jambo langu. Alipofariki baba yangu, ubani, zile fedha za rambirambi, ulijaa kikapu. Watu walikuja siku tatu mfululizo, wengine sikuwajua, na kila mkono ulioaga uliacha kitu. Mwezi wa pili mama alikuwa akichukua mchele kwa mkopo, na hakuna aliyepita, kwa sababu kila mtu aliamini kikapu bado kimejaa. Basi nyinyi gaweni mara mbili: nusu siku ya maziko, nusu siku ya arubaini hivi. Hiyo nusu ya pili mfiwa hataisahau. Fedha ziwekwe kwa saini za watu watatu, zisikae mfukoni mwa mweka hazina hata akiwa mchamungu. Tena huyo mchamungu mumwonee huruma zaidi, msimtie majaribuni.

SWALI (Tumbatu): Kaka yetu alitoka kuvua miezi minane iliyopita, hakurudi. Vipande vya ngalawa viliokotwa. Mama hataki asomewe khitma, anasema mwanawe yu hai. Mkewe hajui akae eda au asubiri.

Visiwa hivi vina nyumba nyingi zenye swali hili. MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 upande wa Nungwi, na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, wako waliozika na wako ambao hadi leo hawana kaburi la kulitilia maji.

Eda ya wifi yako haianzi kwa kukisia, wala kwa maneno ya mtaani. Aende kwa kadhi. Kadhi atasikiliza mashahidi: nani alimwona akishua, hali ya bahari ilikuwaje, vile vipande nani alivitambua na kwa alama gani. Akihukumu kuwa amekufa, eda inaanza na mirathi inafunguka, na hukumu hiyo ndiyo mtakayoiombea cheti cha kifo. Kwa hiyo karatasi za polisi na za KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, kama mliripoti, zitafuteni sasa. Mashahidi wa baharini nao ni wavuvi, na wavuvi huhama na dago, kambi zao za uvuvi.

Mama msimlazimishe. Dua haihitaji hukumu, na mtu huombewa yu hai na yu maiti. Someni Yasini bila kuiita khitma. Ataelewa mnachokifanya, na mtaelewa kwamba ameelewa, na hakuna haja ya mtu kulisema.

SWALI (Mombasa kwa Mchina): Nataka kumtolea sadaka marehemu mama kwa kuwapikia wazee wa nyumba ya kutunzia wazee ya Sebleni. Pilau la watu wangapi?

Kabla hujaroweka mchele, nenda ukamuulize msimamizi. Wa Sebleni, wa Welezo, na wa Limbani kule Pemba, wote ni watu wazima, wengine wana sukari, wengine presha, wengine meno yamekwisha. Pilau lako la binzari na mafuta litawafurahisha macho. Na Ramadhani kila mtu anawakumbuka. Wewe chagua mwezi mkavu, peleka shuka, sabuni, nepi za watu wazima, uji wa lishe. Kisha ukae. Usipige picha, kaa tu usikilize habari za mtu mmoja mpaka ziishe.

SWALI (Mwembetanga): Mama amefariki miezi minne sasa. Baba ana miaka 68. Hazungumzi, hatoki barazani, bao kaacha. Kitu kimoja tu hajaacha: kila asubuhi anakwenda Darajani ananunua samaki, changu au tasi, anarudi anamtia kwenye friji. Hampiki, na hataki apikwe. Friji imejaa. Ana wazimu?

Hana. Miaka arubaini alikuwa akileta samaki, na kuna mtu akimpokea mlangoni na kusema huyu mzuri, au huyu wamekulangua. Miguu yake bado inaijua njia. Anayempokea ndiye hayupo.

Safari ya sokoni msimkatie. Nenda naye. Usiende kumchunga, nenda kama mtu asiyejua kuchagua samaki, jambo ambalo nadhani ni kweli. Muulize macho ya samaki yanatazamwaje. Mkirudi, mpokee wewe huyo samaki mlangoni, umwambie bei gani, ulalamike kidogo. Kisha akufundishe kupaa magamba. Wanaume wa rika lake waliambiwa wapige moyo konde kaburini, na waliporudi nyumbani hakuna aliyekaa nao, kwa sababu ndani kulikuwa kwa wanawake na nje kulikuwa na viti vya kukodi. Mtafute rafiki yake mmoja wa bao, mmoja tu, aje yeye barazani kwenu badala ya kungoja baba aende.

Lakini mtazame. Akiacha kula, akikonda, akiwa halali usiku, akiacha dawa zake za presha, au akisema hana haja ya kuishi, usingoje khitma ya mwaka. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, useme yote mbele ya daktari, hata lile la friji. Mkielekezwa Kidongo Chekundu mwende. Najua jina hilo mitaani linavyotajwa. Ni hospitali ya maradhi ya akili, na huzuni ni maradhi ikizidi, kama maji yanavyokuwa gharika yakizidi.

Na hao samaki wa zamani wagawe kwa majirani leo leo, baba akiona na akijua, kabla umeme haujakatika.